Gari la zamani linakula mafuta? Soma dalili kabla ya kushika spana

Gari la miaka 25 au 30 halikutoka kiwandani likila mafuta kama linavyokula leo. Lilianza taratibu: sindano ya floti (boya linalodhibiti kiwango cha petroli ndani ya kabureta) ikalika kidogo, breki moja ikaanza kushika, kuna aliyetoa thamostati asirudishe. Kila kasoro ilichukua sehemu yake ndogo na dereva akazoea. Siku anapoamua kupunguza matumizi, anaanza kufunga vitu vipya juu ya kasoro zile zile, kisha anashangaa hesabu haibadiliki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa hiyo hapa naanza na dalili za gari lenyewe, na nyingi zina tiba usiyohitaji kununua kifaa chochote cha ajabu. Mabadiliko yenyewe, kama kuziba grili, kusogeza taimingi (wakati wa cheche) na kupunguza jeti (tundu la kupitishia petroli kwenye kabureta), yanakuja baadaye, pamoja na magonjwa yanayozaliwa nayo.

Kabla ya yote, pata namba

Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, na usilazimishe zaidi. Andika kilomita. Tembea angalau kilomita 300, jaza tena kwenye pampu ile ile na kwa namna ile ile, kisha gawanya. Ukienda kilomita 412 na tangi likameza lita 38.5, umepata kilomita 10.7 kwa lita.

Tangi moja halitoshi. Pampu ikijikata mapema au ikichelewa kwa lita moja na nusu, tayari una kosa la karibu asilimia 4, na mabadiliko mengi ya nyumbani hayaleti hata hiyo asilimia 4. Chukua wastani wa matangi matatu. Halafu badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha plagi, oili na matairi wikendi moja, hutajua kamwe ni kipi kilichosaidia.

Vifaa vya lazima ni vichache: geji ya upepo wa matairi, maltimita, spana ya plagi, daftari, na geji ya vakyumu, yaani ya kupima mnyonyo wa injini. Hii ya mwisho wengi hawana, na ndiyo ningeinunua kwanza. Inachomekwa kwenye mpira unaotoka manifodi ya hewa, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Injini nzima, ikiwa imepata joto na inanguruma bila kukanyagwa, huonyesha kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, sindano ikiwa imetulia. Hizo ni namba za usawa wa bahari. Ukiishi mwinuko, toa takriban inchi moja kwa kila mita 300.

Dalili: moshi mweusi, harufu ya petroli, plagi nyeusi na kavu

Injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Ili petroli iungue yote, kila gramu moja inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Petroli ikizidi, inatoka kwenye ekzosi kama masizi. Toa plagi zote na uzipange kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni nzuri. Nyeusi kavu kama masizi ya jiko ni mchanganyiko mzito. Nyeusi yenye ulowevu wa oili ni ringi au sili za valvu, na hiyo ni habari nyingine. Kama plagi moja tu ni nyeusi na nyingine nzuri, usihangaike na kabureta. Tafuta kwenye silinda hiyo peke yake, kuanzia waya wake wa plagi au nozeli yake inayovuja.

Kwenye gari la kabureta, anza na choki, bamba linalobana hewa injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha filta injini ikiwa ya moto na uangalie bamba la choki: linapaswa kusimama wima, wazi kabisa. Choki za kujiendesha zenye springi ya joto huchoka na kubaki nusu zimefungwa, na dereva hasikii chochote zaidi ya kuzidi kwa mafuta. Choki za kuvutwa kwa mkono nazo zina ugonjwa wake: waya umekauka, kitufe kinarudi lakini bamba halirudi.

Choki ikiwa sawa, nenda kwenye floti. Sindano iliyolika haifungi vizuri, petroli inapanda kupita kiwango na kumwagika ndani ya injini kupitia njia zake za kawaida. Dalili inayoambatana nayo ni gari kusumbua kuwaka likiwa la moto, baada ya kusimama dakika kumi hivi. Kuna na ile kasoro inayotengenezwa na mafundi wenyewe: jeti ya shaba iliyosafishwa kwa kuchokonolewa na waya mgumu. Tundu lake limepanuka, na hakuna skrubu ya kurekebisha itakayolirudisha. Jeti hizo zina namba zilizochongwa, na usafi wake ni dawa ya kusafishia kabureta na hewa ya kompresa, basi.

Kwenye gari la nozeli, yaani linalopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni sensa ya joto la maji. Huyu ndiye anayeiambia kompyuta kama injini ni ya baridi au ya moto. Akisema "baridi" siku nzima, kompyuta inaongeza petroli siku nzima, kama choki isiyofunguka. Chomoa soketi yake na upime kwa maltimita. Kwa magari mengi utapata takriban omu 2,000 hadi 3,000 injini ikiwa na nyuzi 20 za Selsiasi, na omu 200 hadi 400 ikifika nyuzi 80. Ukipata 2,000 injini ikiwa inachemka, umempata mwizi, na ni kipande kidogo kinachobadilishwa kwa spana moja.

Sensa ya oksijeni iliyopo kwenye ekzosi inafuata. Ile ya kawaida hutoa volti kati ya 0.1 na 0.9, na ikiwa hai huruka juu na chini ya 0.45 kila wakati. Ikizeeka inakuwa mvivu, au inaganda mahali pamoja. Ikiganda chini, kompyuta inaamini mchanganyiko ni mwepesi na inazidisha petroli. Lakini tahadhari: ekzosi iliyotoboka kabla ya sensa huvuta hewa ya nje na kuidanganya sensa nzima kabisa. Wengi wamenunua sensa mpya wakati tatizo lilikuwa gasketi ya manifodi.

Kifaa kimoja zaidi kinapimwa kwa pua. Kidhibiti cha presha ya petroli kina mpira mwembamba wa vakyumu unaokwenda manifodi. Uchomoe. Ukiona petroli ndani yake, au ukisikia harufu kali, diaframu ndani imechanika na injini inanyonya petroli moja kwa moja. Fanya hivi injini ikiwa baridi, nje, mbali na moto wa aina yoyote.

Na filta ya hewa? Watu wengi huanzia hapo, na ni sawa kuibadilisha, lakini usitarajie miujiza. Utafiti wa maabara ya Oak Ridge nchini Marekani, uliotoka mwaka 2009, ulionyesha kwamba kwenye injini za nozeli zinazoongozwa na sensa, filta chafu hupunguza nguvu ya kuongeza mwendo lakini haigusi sana matumizi ya mafuta, kwa kuwa kompyuta inapunguza petroli kulingana na hewa inayoingia. Kwenye kabureta hakuna wa kupunguza, hivyo filta iliyoziba kweli inakula mafuta.

Dalili: sindano ya joto haipandi

Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu dereva mwenyewe huiona kama baraka. "Gari langu halichemki hata kidogo!" Ni kweli, na ndiyo maana linakula.

Thamostati ya magari mengi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende rejeta mpaka injini ifike joto lake. Ikikwama wazi, au ikiwa ilitolewa na mtu aliyekuwa akitibu gari linalochemka, maji ya baridi yanazunguka muda wote. Matokeo yanafuatana: kompyuta au choki inaendelea kuongeza petroli, oili inabaki nzito na kuleta msuguano, petroli inabaki majimaji kwenye kuta za silinda na kuosha oili. Kwenye gari la otomatiki kuna la nne ambalo wengi hawalijui. Giaboksi nyingi hazikubali kufunga klachi iliyo ndani ya konveta (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) mpaka maji yafike joto fulani. Klachi hiyo isipofunga, konveta inateleza njia nzima, na utaona mzunguko wa injini uko juu kuliko zamani kwa spidi ile ile.

Uchunguzi hauhitaji gharama. Washa gari asubuhi na ushike bomba la juu la rejeta, ukiweka vidole mbali na feni. Kwenye injini nzima bomba hubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha ghafla linapata moto. Bomba likianza kupata uvuguvugu tangu mwanzo, thamostati iko wazi. Kuhakikisha, itoe, iweke kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto na uone inafunguka lini. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Watu wameungua uso kwa sekunde moja ya haraka.

Ukirudisha thamostati na gari likaanza kuchemka, basi gari lilikuwa linachemka tangu zamani na lilifichwa tu. Tafuta rejeta iliyoziba, feni isiyowaka, au gasketi ya hedi. Usiitoe tena.

Dalili: gari ni zito, halitiririki ukiachia mafuta

Tafuta barabara tambarare, tulivu, isiyo na upepo. Fika kilomita 50 kwa saa, weka nyutro, na uone linaenda umbali gani kabla ya kushuka mpaka 20. Rudia ukielekea upande wa pili ili mteremko mdogo usikudanganye. Andika umbali huo kwenye daftari. Huu ndio mtihani bora wa nyumbani kwa kila kitu kinachoshika kati ya injini na lami, na baada ya kila rekebisho unaurudia.

Kisha, mara tu baada ya safari ambayo hukukanyaga breki sana, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu moja likitoa joto kuliko wenzake, breki yake inashika. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi imara (jeki peke yake si stendi), na uzungushe gurudumu kwa mkono.

Mimi niliwahi kubadilisha plagi, waya zake, filta mbili na oili kwa miezi miwili, nikiandika namba ambazo hazikusogea. Siku nilipoinua nyuma kwa sababu nyingine kabisa, gurudumu la kushoto halikuzunguka hata nusu. Waya wa breki ya mkono ulikuwa na kutu ndani ya ala yake. Nikishusha lever, waya haurudi. Tone la oili na nusu saa ya kuuvuta huku na huku vikafanya kazi ambayo vipuri vyote vile havikuifanya.

Breki inayoshika ina vyanzo vinne vya kawaida. Wa kwanza ni huo waya. Wa pili ni pini za kalipa zilizokauka grisi. Pedi moja inakuwa imelika kuliko mwenzake wa upande wa pili. Wa tatu ni pistoni ya kalipa yenye kutu. Wa nne ni wa kijanja: paipu ya mpira ya breki iliyovimba kwa ndani, inayoruhusu mafuta ya breki yapite kwa nguvu ya mguu lakini isiyoyaruhusu kurudi. Gurudumu likishika, legeza kidogo nati ya kutolea hewa. Likiachia mara moja, presha ilikuwa imenaswa, kwa hiyo shuku paipu. Likiendelea kushika, shuku pini au pistoni.

Upepo wa matairi ni rahisi kiasi kwamba watu huudharau. Kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote manne huongeza matumizi kwa takriban asilimia 0.2, hivyo tairi zilizopungukiwa psi 8 zinakula kama asilimia moja na nusu. Pima asubuhi kabla ya kutembea. Kuhusu alaimenti (mpangilio wa magurudumu), pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha rudi. Ukihisi ni laini upande mmoja na kunakwaruza kama msumeno ukirudi, matairi yanaburutwa pembeni huku yanazunguka. Peleka kwenye mashine. Hili si la kufanya kwa kamba.

Dalili: nguvu imepungua, unakanyaga zaidi kuliko zamani

Hapa ndipo geji ya vakyumu inapolipa. Sindano ikitulia lakini iko chini, tuseme 14 au 15, mara nyingi taimingi imechelewa. Ikidondoka na kurudi kwa mapigo yanayofanana, kuna valvu moja isiyofunga. Ikiwa nzuri mwanzoni lakini ukishikilia mzunguko wa 2,500 kwa dakika inaanza kushuka taratibu, ekzosi imeziba, na mara nyingi ni katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) iliyoyeyuka ndani.

Kwa magari yenye distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, kuna kasoro moja ninayoiona karibu kila mara na ambayo karibu hakuna anayeiangalia. Ubavuni mwa distributa kuna kikopo cha bati chenye mpira mwembamba wa vakyumu. Kazi yake ni kuwahisha cheche unapotembea kwa mguu mwepesi, kwa sababu mchanganyiko mwepesi wa mwendo wa kawaida unaungua polepole na unahitaji kuanza mapema. Jumla inaweza kupita nyuzi 30 kabla ya pistoni kufika juu. Ndani ya kikopo kuna diaframu ya mpira, na baada ya miaka 20 mpira huo umepasuka. Gari litawaka vizuri, litapanda mlima vizuri, na fundi akipima taimingi ya kusimama ataikuta sawa. Lakini mwendo wote wa kawaida utakuwa na cheche iliyochelewa nyuzi 10 hadi 20. Chomoa mpira upande wa kabureta na uunyonye kwa mdomo. Ukishikilia ulimi na nyonyo ikabaki, diaframu ni nzima. Ikivuja kama mrija, nunua nyingine. Ukiwa hapo, zungusha rota kwa vidole na uiachie: inapaswa kurudi yenyewe. Isiporudi, vizito vya ndani vimekauka.

Klachi inayoteleza pia huvaa nguo za injini dhaifu. Weka gia ya juu, mwendo wa katikati, kwenye mwinuko, kisha kanyaga. Mzunguko ukiruka na spidi isifuate, petroli yako inachoma sahani ya klachi.

Ukifika hapa bila jibu, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Tofauti ya zaidi ya asilimia 15 kati ya silinda maana yake ni valvu au ringi, na hakuna rekebisho la nje litakalofidia hilo. Lakini kwanza angalia uwazi wa valvu kama injini yako ni ya kurekebishwa kwa mkono. Valvu iliyobanwa sana haifungi na inaonekana kama injini iliyokufa.

Dalili: mjini liko sawa, barabara kuu linakula

Spidi. Msukumo wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 90 hadi 110 kwa saa, upinzani wa hewa unaongezeka kwa karibu nusu. Magari ya zamani yana pembe kali na hayasamehe. Keria tupu juu ya paa nayo ni breki ya kudumu. Ishushe siku ambazo huna mzigo.

Kwa otomatiki, angalia kama taa ya "O/D OFF" inawaka, yaani ovadraivu, gia ya juu ya mwendo wa kasi, imezimwa. Nimeona gari lililotembea hivyo mwaka mzima kwa sababu mtoto aligusa kitufe. Kama ovadraivu iko sawa, rudi kwenye habari ya thamostati, na pia angalia swichi ya taa za breki. Ikikwama, kompyuta inadhani unakanyaga breki na inakataa kufunga konveta. Mtu wa nyuma yako anaona taa zinawaka muda wote, muulize.

Kinyume chake, linalokula mjini tu, mara nyingi gari halina kosa. Injini ndogo ikinguruma imesimama huchoma takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa, na safari za kilomita mbili hazifiki hata joto la kazi. Unganisha safari zako.

Umeshabadilisha, na tatizo jipya limezaliwa

*Umeziba grili na sasa sindano inapanda mlimani.* Kuziba sehemu ya grili kunapunguza hewa inayogonga ndani ya boneti na kunaharakisha injini kupata joto. Ni badiliko halali. Kosa ni kuziba yote, au kuziba mbele ya feni. Acha wazi sehemu iliyo mbele ya katikati ya rejeta, ziba pembeni na juu, na ufunge kwa namna ya kutoka haraka bila vifaa. Kiyoyozi kikianza kupoza vibaya, hiyo ni ishara ya mapema kuliko sindano, kwa kuwa kondensa, rejeta ya kiyoyozi, iko mbele. Otomatiki inayopoza mafuta ya giaboksi kupitia rejeta inahitaji uangalifu zaidi.

*Umewahisha taimingi na sasa injini inagonga kama shanga kwenye kopo ukipanda.* Rudisha nyuzi mbili, jaribu mlima ule ule, rudisha tena mpaka inyamaze kabisa. Kugonga huko ni petroli inayolipuka vibaya, na ikiendelea hutoboa pistoni. Usijipe moyo kwamba ni kidogo tu. Kama ulikuwa unafidia kikopo kibovu cha vakyumu kwa kuzungusha distributa, umetibu mwendo wa kawaida na kuharibu mlima.

*Umepunguza jeti na sasa gari linasita, linapiga chafya kupitia kabureta.* Mchanganyiko umekuwa mwepesi mno. Plagi zitakuwa nyeupe. Cha kuchekesha ni kwamba matumizi mara nyingi hupanda, maana mguu unakanyaga zaidi kutafuta nguvu iliyopotea. Kabla ya kulaumu jeti, tafuta hewa inayovuja chini ya kabureta: mwagia maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye gasketi injini ikinguruma, na usikilize kama mlio unabadilika.

*Umefunga filta ya wazi na hakuna kilichobadilika ila kelele.* Ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukiwa na mguu mwepesi, kinachozuia hewa ni kipepeo kilicho mbele ya manifodi, ambacho wewe mwenyewe umekifunga nusu. Kufungua filta mbele yake ni kama kupanua geti la nje wakati mlango wa chumba uko nusu.

*Umejaza matairi mpaka namba iliyoandikwa ubavuni, sasa gari linadunda na tairi inalika katikati.* Namba ile ni kikomo cha tairi, si pendekezo la gari. Pendekezo liko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango au ndani ya kifuniko cha tangi. Psi mbili au tatu juu yake zinavumilika. Zaidi ya hapo unapoteza mshiko wa breki kwenye mvua.

*Unazima injini kwenye mteremko na breki zimekuwa ngumu.* Acha leo hii. Nyongeza ya breki, kifaa kinachosaidia nguvu ya mguu, hubaki na vakyumu ya mikanyago michache tu, usukani unakuwa mzito, na ukigeuza ufunguo kupita kiasi usukani unajifunga. Pampu ya mafuta ya otomatiki nayo huendeshwa na injini, kwa hiyo giaboksi inazunguka bila ulainisho. Kwenye gari la nozeli hakuna hata faida: ukiachia mafuta ukiwa ndani ya gia, kompyuta hufunga nozeli kabisa mpaka mzunguko ushuke karibu na ule wa kusimama. Nyutro ndiyo inayochoma petroli, kwa sababu injini inabidi ijitunze yenyewe.

*Umefunga sumaku, au chupa ya kutengeneza hidrojeni, na hakuna tofauti.* Hakutakuwa nayo. Umeme wa kupasua maji unatoka kwenye alteneta, alteneta inazungushwa na injini, na injini hupoteza sehemu kubwa ya nishati ya petroli kama joto. Kila hatua inakata, hivyo unachorudishiwa ni kidogo kuliko ulichotoa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vya namna hii tangu miaka ya 1970. Vilivyosaidia vilikuwa vichache sana, na kwa kiasi kidogo.

Dalili ya mwisho: kila kitu ni kizima, hesabu bado mbaya

Kagua kipimo chenyewe. Angalia saizi ya tairi kwenye kibandiko na ulinganishe na zilizopo. Tuseme gari lilitoka na 175/70 R13, yenye kipenyo cha takriban milimita 575, na mwenye gari aliyetangulia akaweka 185/70 R13, yenye 589. Kila mzunguko sasa unakwenda mbali zaidi kwa asilimia 2.4, lakini kilomita za dashibodi hazijui. Ukiandika 400, umetembea karibu 410, na gari lako linaonekana linakula kuliko ukweli. Linganisha kilomita 20 za dashibodi na za ramani ya simu, gawanya za ramani kwa za dashibodi upate uwiano, na uzidishe kila namba ya daftari kwa huo.

Angalia pia petroli yenyewe. Yenye asilimia 10 ya ethanoli ina nishati pungufu kwa takriban asilimia 3, kwa hiyo ukilinganisha tangi la pampu hii na la pampu ile, unaweza kuwa unapima mafuta badala ya gari. Na kama namba bado haziingii akilini, laza karatasi safi chini ya tangi usiku mmoja, pitisha tochi kwenye mipira yote ya petroli kuanzia pampu hadi injini, na unuse. Mpira wa miaka 30 huvuja mahali ambapo tone linakauka kabla halijafika chini.